Kurasa za albamu ya familia: Canva, slaidi, GIMP au fundi wa studio?

Familia nyingi hapa Nakuru zina picha nyingi kuliko wakati wowote, ila albamu hazina. Picha za harusi ya Kisumu ziko kwenye simu ya shangazi, za watoto wakiwa Baboon Cliff, mwamba wa kutazamia Ziwa Nakuru, ziko kwa baba yao, na ile moja ya babu akiwa kijana, nyeusi na nyeupe, imehifadhiwa ndani ya Biblia ya shosho. Kuziweka pamoja kwenye kurasa zilizopangwa, zenye majina, tarehe na maneno mawili matatu ya maelezo, ni kazi ambayo simu ya kawaida au laptopu ya mtoto wa chuo inaiweza. Watu hukwama pale pa kuchagua njia.

Nimewasaidia jamaa na majirani kutengeneza kurasa kama hizi kwa njia zote nne nitakazolinganisha hapa. Wengi huniuliza kwanza programu ipi ni nzuri, nami huwarudisha nyuma kidogo: ukurasa huo utaishia wapi, na nani ataendelea nao baada yako? Ukurasa wa kutumwa kwenye grupu ya WhatsApp hauhitaji yale yanayohitajika na ukurasa wa kuchapishwa na kuwekwa mezani siku wazee wanatimiza miaka 50 ya ndoa. Albamu itakayoongezewa kurasa kila Desemba nayo ina mahitaji yake.

Njia zenyewe ni Canva (programu ya kupanga kurasa mtandaoni) kwenye simu, slaidi za Google Slides au PowerPoint, GIMP (programu ya kuhariri picha) kwenye kompyuta, na kumpa kazi fundi wa studio au wa saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti.

Mambo ninayopima

Gharama ndiyo ya kwanza, na hapo sihesabu bei ya programu peke yake. Bando la kupandisha picha ni pesa, na jioni nzima uliyokaa mbele ya kompyuta ni gharama pia.

Ya pili ni karatasi. Ukurasa unaong'aa kwenye kioo cha simu unaweza kutoka ukungu ukichapishwa kwa saizi ya A4. Mashine za studio hupendelea nukta 300 kwa kila inchi, na kwa A4 hiyo ni sawa na pikseli 2,480 kwa 3,508. Ukitaka ukurasa wa mraba wa inchi 12, unahitaji pikseli 3,600 kila upande.

Ya tatu ni uhuru wa kupanga: je, unaweza kuufanya ukurasa ufanane na ulivyouona kichwani? Kufifisha picha ya Menengai iingie polepole kwenye rangi ya ukurasa, kumkata twiga abaki peke yake, kufuta mkunjo kwenye uso wa babu. Si kila njia inayaweza haya.

Ya nne ni kuhifadhi na kushirikiana. Miaka kumi baadaye faili hiyo itafunguka? Mjomba aliye Kakamega anaweza kuongeza picha zake bila kukusumbua?

Picha zenyewe huja kabla ya njia

Hapa nitakaa kidogo, maana kurasa nyingi huharibika kabla programu haijafunguliwa.

Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa. Mara nyingi upande wake mrefu hubaki na pikseli kama 1,600. Kwa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni inchi tano na kidogo tu. Inatosha kuwa picha ndogo pembeni, lakini ukiitandaza ukurasa mzima wa A4 nyuso zinaanza kuyeyuka. Picha hiyo hiyo ikitoka moja kwa moja kwenye simu yenye kamera ya megapikseli 12 huwa na pikseli 4,000 kwa 3,000, na hapo A4 inajaa bila shida. Kwa hiyo waombe jamaa wakutumie picha kama dokumenti ndani ya WhatsApp, au waziweke kwenye Google Drive, au mkutane mhamishe kwa flashi. Wengine watanung'unika. Wabembeleze tu.

Picha za zamani za karatasi zipeleke saiba zikaskaniwe kwenye skana ya kulaza. Mwambie kijana wa hapo kwamba unataka nukta 600 na faili ya JPEG, wala si PDF. Wengi huskani kila kitu kama cheti cha kuzaliwa, kwa ubora mdogo ili faili iwe nyepesi. Picha ya inchi tatu na nusu kwa tano ikiskaniwa kwa nukta 600 inakupa pikseli 2,100 kwa 3,000, kwa hiyo unaweza kuikuza ikawa kubwa kuliko ile ya karatasi. Igeuze pia nyuma. Wazee walikuwa wakiandika tarehe na jina la studio huko, na mwandiko wao unastahili kuskaniwa kama picha nyingine yoyote.

Picha za maumbile zina tabia yake. Ukiwapiga picha heroe (flamingo) wa Ziwa Nakuru kwa simu kutoka ufukweni, wanatoka kama mstari wa waridi kwa mbali. Usihangaike kuwakuza. Kata picha iwe utepe mrefu mwembamba, uutandaze chini ya ukurasa kutoka ukingo hadi ukingo, na mstari ule wa waridi utaufunga ukurasa wote vizuri. Mbega wa msitu wa Kakamega ana shida nyingine: manyoya meusi na meupe kwenye kivuli cha miti. Ukurasa wenye rangi nzito unammeza, kwa hiyo mpe rangi hafifu ya majani makavu, naye ataonekana mpaka mkia. Kwa jumla, chukua rangi ya ukurasa kutoka ndani ya picha yenyewe: zambarau ya mijakaranda ya mjini, kijani cha chai ya Kericho, kijivu cha mawe ya Kit Mikayi. Programu zote tatu zina alama ya kitone cha rangi inayokuwezesha kugusa picha na kuchukua rangi hiyo hiyo.

Tarehe usiiache. Ziwa Nakuru limepanda sana tangu miaka ya 2010, lango kuu la zamani likafunikwa na maji, na migunga iliyokuwa ufukweni ikafia majini, ikabaki imesimama mikavu. Heroe wengi walihamia maziwa mengine kama Bogoria. Picha ya familia iliyopigwa karibu na lango lile mwaka 2005 ni ushahidi wa mahali ambapo hapafikiki tena kwa miguu. Bila mwaka kuandikwa, mjukuu hatajua anaangalia nini.

Jambo moja zaidi kuhusu hifadhi za wanyama. Simu nyingi huandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili. Ukimpiga kifaru picha, ondoa taarifa hiyo kabla ya kuirusha mtandaoni, kwa sababu majangili nao wanatazama. Fanya hivyo pia kwa picha za watoto nyumbani.

Canva kwenye simu

*Gharama.* Unaweza kuanza bila kulipa. Baadhi ya mapambo na violezo vina alama ya taji, na hivyo ni vya wanaolipa. Ukivitumia bila kulipa, ukurasa hutoka na chapa juu yake. Gharama halisi ni bando. Kila picha lazima ipande mtandaoni, na picha 30 za megabaiti nne nne ni megabaiti 120 kabla hujaanza kupanga. Tafuta Wi-Fi kwa hatua hiyo.

*Karatasi.* Inafaa, mradi uanze vizuri. Ukichagua A4 iliyo tayari ukapakua kama picha ya kawaida, inatoka ndogo, na kuikuza wakati wa kupakua ni kwa wanaolipa. Kuna njia mbili za bure. Ya kwanza ni kupakua PDF ya kuchapisha. Ya pili ni kuanza na saizi yako mwenyewe ya pikseli 2,480 kwa 3,508. Napendelea ya pili, kwa sababu studio nyingi huniomba JPEG.

*Uhuru wa kupanga.* Fremu ndizo nguvu yake. Unachagua fremu ya duara, ya jani, au ya picha ya zamani yenye ukingo mweupe, unaburuta picha, inaingia na kukaa. Mtu ambaye hajawahi kugusa programu ya picha anapata ukurasa wa kupendeza jioni moja. Ubaya wake ni kwamba violezo vinafanana, na vingi vimetengenezwa kwa maisha ya kwingine: theluji, majani ya vuli, miti ya misonobari. Anza na ukurasa mtupu uweke fremu zako mwenyewe. Utachelewa kidogo lakini ukurasa utakuwa wa nyumbani kwenu. Kuondoa mandharinyuma kwa mguso mmoja ni kwa wanaolipa.

*Kuhifadhi na kushirikiana.* Unaweza kumtumia dada yako kiungo ahariri pamoja nawe. Lakini kazi inayoweza kuhaririwa inaishi ndani ya akaunti ya Canva tu. Ukipoteza akaunti, unabaki na JPEG ulizopakua, kwa hiyo pakua kila ukurasa ukishakamilika.

*Anayefaa.* Mwenye simu pekee, anayetaka kurasa chache za kuvutia, hasa za kutumwa kwa familia au kuchapishwa kwa saizi ya A5 au A4.

Slaidi: Google Slides au PowerPoint

Watu huzidharau slaidi kwa sababu wanazijua kama kitu cha mikutano. Kwa albamu ya ukoo mimi nazithamini sana.

*Gharama.* Google Slides ni ya bure ukiwa na akaunti ya Google, na picha zako zinakula kwenye zile gigabaiti 15 zinazogawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos. PowerPoint ya kusakinishwa kwenye kompyuta inalipiwa, ingawa iko kwenye kompyuta nyingi za ofisi na vyuo, na haihitaji intaneti ukiwa unafanya kazi. Asiye nayo anaweza kutumia LibreOffice Impress bila malipo.

*Karatasi.* Slaidi mpya hufunguka ikiwa pana kama televisheni. Badilisha saizi ya ukurasa iwe sentimita 21 kwa 29.7 kabla ya kuweka picha hata moja, la sivyo kila kitu kitavurugika ukibadilisha baadaye. Kwa Google Slides fanya hatua hiyo kwenye kompyuta. PowerPoint nayo ina mazoea ya kubana picha ukihifadhi. Ingia kwenye mipangilio ya hali ya juu, uiambie isibane picha za faili hiyo. Ukimaliza toa PDF, maana ukibeba faili ya PowerPoint kwenda saiba kompyuta yao inaweza kukosa fonti zako na maandishi yakahama.

*Uhuru wa kupanga.* Ni wa wastani. Unakata picha kwa umbo la duara au jani, unaweka kivuli, unazungusha kidogo ionekane imebandikwa kwa mkono. PowerPoint ina zana ya kuondoa mandharinyuma, na inafanya kazi vizuri kwa mtu aliyesimama mbele ya anga tupu. Kwa mbega ndani ya matawi inachanganyikiwa. Maandishi ndiyo yanayokaa vizuri zaidi hapa. Ukitaka ukurasa wenye hadithi ndefu ya namna babu alivyofika Nakuru kufanya kazi ya reli, slaidi zitakubeba bila wasiwasi.

*Kuhifadhi na kushirikiana.* Hapa Google Slides inazishinda zote. Kurasa 40 ziko kwenye faili moja. Shangazi wa Kisumu anaandika majina ya watu walio kwenye picha ya Hippo Point huku wewe ukipanga ukurasa wa Naivasha. Historia ya mabadiliko inaonyesha nani alibadilisha nini, na mtoto akifuta ukurasa unaurudisha. Wape ruhusa ya kuhariri kwa anwani zao za barua pepe, usiache kiungo wazi kwa kila atakayekipata.

*Anayefaa.* Familia kubwa iliyotawanyika, albamu yenye kurasa nyingi na maelezo mengi.

GIMP kwenye kompyuta

*Gharama.* Ni programu huria (msimbo wake uko wazi kwa wote), ya bure kabisa, inaendesha kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaipakua haikuombi bando tena. Gharama yake ni muda wa kujifunza. Hesabu jioni kadhaa kabla mkono haujazoea. Kompyuta nayo iwe na nguvu kiasi: yenye RAM ya gigabaiti nne itakwama ukijaza picha kubwa nyingi kwenye ukurasa mmoja, ilhali ya nane inapumua.

*Karatasi.* Haina mpinzani hapa, kwa sababu wewe ndiye unayeamua kila pikseli. Unafungua ukurasa wa pikseli 2,480 kwa 3,508, unaweka 300 kwenye sehemu ya nukta kwa inchi, na unachokiona ukikuza kwa asilimia 100 kinakuonyesha wazi picha ipi haina uwezo wa kukaa kubwa hivyo.

*Uhuru wa kupanga.* Kila picha inakaa kwenye tabaka (layer) lake. Chukua picha ya bonde la Menengai iliyopigwa kutoka ukingoni asubuhi, ukungu ukiwa bado chini. Iweke juu ya ukurasa, iongezee barakoa ya tabaka (layer mask), kisha chora mfululizo wa rangi kutoka nyeupe hadi nyeusi kwenye barakoa hiyo. Penye nyeupe picha inabaki, penye nyeusi inatoweka, katikati inafifia. Ukungu wa Menengai unageuka kuwa karatasi yenyewe, na unaandika majina ya watoto juu yake. Hukufuta chochote. Ukibadilisha mawazo mwezi ujao, unarekebisha barakoa tu.

Kisha kuna ukarabati. Ile picha ya babu iliyokunjwa katikati ndani ya Biblia ina mstari mweupe unaopita shavuni. Zana ya kuponya inachukua ngozi ya karibu na kuifunika palipochanika. Fanya kwa brashi ndogo, pole pole, ukikuza sana, na kwenye nakala ya tabaka, usiguse ile ya asili. Acha makovu yake halisi na mikunjo ya uso. Nimeona picha zilizosafishwa mpaka mzee akawa kijana asiyefahamika na watoto wake mwenyewe, na hiyo ni hasara kubwa kuliko mstari mweupe.

*Kuhifadhi na kushirikiana.* Hifadhi faili ya XCF yenye matabaka, kisha toa JPEG ya kuchapisha. Kwa kuwa programu ni huria, kuna matumaini mazuri kwamba XCF itafunguka hata miaka mingi mbele. Udhaifu ni kwamba kazi hii hufanywa na mtu mmoja kwenye kompyuta moja. Wengine katika familia watakutumia picha, lakini hawataingia ndani ya ukurasa. Na kwa kawaida kila ukurasa ni faili yake, kwa hiyo albamu ya kurasa 40 inabidi iunganishwe mwishoni.

*Anayefaa.* Mwenye subira, anayependa kazi ya mkono, au mwenye picha za zamani zilizoharibika. Aliye na Photoshop kazini anaweza kufuata hatua hizo hizo huko. Kwa matumizi ya nyumbani pekee, sioni sababu ya kulipia usajili wake.

Fundi wa studio au wa saiba

*Gharama.* Unalipa kwa ukurasa au kwa albamu nzima. Bei zinatofautiana sana kati ya maduka, hata kwenye mtaa mmoja, kwa hiyo uliza mbili tatu, na uulize pia marekebisho yatakuwa mangapi kabla ya kuongezwa malipo.

*Karatasi.* Fundi anaijua mashine yake. Anajua kwamba inatia wekundu kidogo, au kwamba karatasi ya glosi inang'aa sana chini ya taa. Hilo huwezi kulipata kwenye programu yoyote.

*Uhuru wa kupanga.* Unategemea anavyokuelewa. Wengi wamezoea kazi za harusi na mahafali, na wasipoambiwa watakuwekea mawaridi na herufi za dhahabu hata kwenye picha ya viboko wa Dunga. Nenda na ukurasa uliochorwa kwa kalamu kwenye karatasi: picha kubwa hapa, ndogo tatu pale, maneno chini. Picha ziwe kwenye flashi, folda moja kwa kila ukurasa. Maelezo yaandikwe kwa herufi safi, na majina yasomwe tena pamoja naye kabla ya kuchapisha.

*Kuhifadhi na kushirikiana.* Mkubaliane mwanzoni kwamba utapewa JPEG au PDF pamoja na faili yenye matabaka. Bila hiyo, ukitaka kubadilisha jina moja mwakani utaanza upya. Ukishachukua kazi, mwombe afute picha zenu kwenye kompyuta yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa nguvu ya kusema hivyo bila aibu, na picha za watoto zisiwe sampuli ya ukutani bila mzazi kukubali.

*Anayefaa.* Mwenye muda mfupi, mwenye tukio la tarehe maalumu, au mzee asiyependa kuhangaika na vioo vya simu na kompyuta.

Ukurasa mmoja ukipitia njia zote

Chukulia ukurasa mmoja: shosho na wajukuu Baboon Cliff, ziwa likionekana chini nyuma yao, ndege mwari mmoja kwa karibu, utepe wa heroe, na maelezo ya mistari mitatu.

Kwa Canva, picha kubwa inaingia kwenye fremu papo hapo, mwari anaingia kwenye duara, na utepe unakatwa kwa vidole viwili. Ugumu unakuja kwenye anga. Siku ya jua kali, simu hulifanya anga la juu ya ziwa kuwa jeupe kabisa, na marekebisho ya Canva yanaweza kuligusa kidogo tu. Geuza udhaifu huo uwe nafasi: andika maelezo juu ya weupe ule.

Kwa slaidi kazi ni hiyo hiyo, haraka zaidi kwenye maandishi, ila ukurasa unaonekana mkavu usipoweka kivuli chepesi na nafasi ya kupumua kati ya picha. Kwa GIMP utachukua muda mrefu zaidi, lakini utaweza kuzing'arisha nyuso zilizo kwenye kivuli cha kofia bila kuligusa ziwa, na mwari anaweza kukatwa akawekwa akielea juu ya ukingo wa picha. Fundi atafanya haya yote, mradi umwonyeshe ni mjukuu yupi asiachwe nje wakati wa kukata.

Kwenye njia yoyote, jaribu fonti kabla ya kuipenda. Andika Wanjirũ, andika Mũthoni, andika Achieng' na alama yake. Fonti nyingi za mapambo hazina ũ wala ĩ. Zinaacha kisanduku kitupu au kukopa herufi ya fonti nyingine, na jina la mtu linatoka na kiraka. Na acha angalau milimita tatu pembeni bila nyuso wala maneno, kisu cha studio kisije kikala sikio la mtu.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Una simu tu, na unataka ukurasa wa kumpongeza mtoto aliyemaliza Gredi ya 9, utumwe kwenye grupu leo jioni: Canva, kwa saizi ya pikseli niliyotaja, ili mama mtu akitaka kuuchapisha baadaye usilazimike kurudia.

Ukoo uko Kisumu, Nakuru, Kitale na ughaibuni, na kila tawi lina picha zake: Google Slides. Mpe mtu mmoja wa kila tawi kurasa zake, na mtu mmoja pekee awe msimamizi wa rangi na fonti, la sivyo albamu itatoka na sura nne.

Una picha za wazazi zilizochanika au kufifia: zirekebishe kwa GIMP, kisha zitoe kama JPEG na uzipeleke kwenye Canva au slaidi upange kurasa huko. Njia hizi zinachanganyika vizuri, na mara nyingi mchanganyiko huu ndio unaotoa kurasa bora. Kama hakuna mwenye mkono wa GIMP nyumbani, mlipe fundi kwa ukarabati tu, kurasa mzipange wenyewe.

Wewe ni mpenzi wa ndege na misitu, na familia inaonekana kwenye picha mara moja moja: anza na slaidi kama unaandika sana kuhusu ulichokiona, au GIMP kama picha ndizo zinazosema. Weka jina la ndege, mahali na mwaka kwenye kila ukurasa.

Intaneti yenu kijijini ni ya kusuasua: PowerPoint, LibreOffice au GIMP. Hizo hazitakukatia njiani.

Unahofia picha kupotea: njia yoyote iwe, picha za asili ziwe na makao mawili nje ya programu. Moja mtandaoni, nyingine kwenye flashi au diski inayokaa nyumba nyingine. Kurasa zinaweza kutengenezwa upya, picha hazipigwi upya.

Na kama mkutano wa familia ni Desemba, kusanya picha kabla ya Oktoba kuisha. Mwisho wa mwaka mafundi wa studio hujaa kazi za harusi. Hata mkitengeneza wenyewe, chapisha ukurasa mmoja wa majaribio, uutazame mchana karibu na dirisha, na kama nyuso zimetoka nyeusi ongeza mwanga kidogo kwenye kurasa zote kabla ya kulipia zilizobaki.